Kura ya Pili na Sauti ya Langoni

Benchi letu limeegemea ubavu wa kibanda cha kahawa, nyuma kidogo ya uwanja wa mji, mahali ambapo jua la Februari hufika mapema kabla wingu la upepo wa mashariki halijatanda juu ya Mwamba wetu wa Jibralta likatunyima joto. Tumelikalia hadi mbao zake zimeshika maumbo yetu. Yupo Lionel Pitto, karani mstaafu wa benki, tunayemwita Balozi kwa sababu ana mpwa wake London, na kila anachosema mpwa yeye hukitangaza kama kimetoka serikalini. Yupo Zulema, fundi cherehani, jina lake Mahakama, maana hoja ikifika kwake imekwisha. Mimi wananiita Fyuzi. Nilivuta nyaya za umeme bandarini mpaka magoti yakagoma. Na yupo Aurelio Montegriffo, Mia Nane. Siku ya kura ya kwanza, Waingereza na sisi tulio chini yao tulipoulizwa kuhusu Ulaya, karibu Jibralta nzima ilisema tubaki kwenye Umoja wa Ulaya. Waliosema tujitoe walikuwa mia nane na kidogo. Mji mzima ukaanza kuulizana ni akina nani hao. Aurelio akainuka hapa hapa benchini, akanyoosha mkono: "Mmoja ni mimi." Jina likamganda.

Asubuhi hiyo kahawa ilichelewa. Ndani ya kibanda hakuwemo Encarni, muuzaji wetu. Alikuwemo mwanamke mnene wa miaka sitini na ushee, koti bado mabegani, akipambana na mashine iliyokuwa ikimpulizia mvuke usoni.

— Jamani, Encarni kapata mtoto! — Mahakama alituwahi kabla hatujakaa. — Jana usiku, huko kwao La Línea, upande wa Hispania. Wa kiume, wote wazima. Huyu ni mama yake, anaitwa Remedios. Kavuka mpaka asubuhi hii hii ili kibanda kisifungwe. Msimsumbue, mashine yenyewe inamtosha.

Tukampongeza kwa pamoja, kila mtu na lake. Remedios akacheka, akasema mjukuu ana nywele kama brashi, akarudi kwenye vita vyake. Balozi akakunja mguu, na tukajua leo ana jambo.

— Mpwa wangu kapiga simu, — alisema. — Kura ya pili ipo. Imeshaiva.

— Imeivia kwenye sufuria ya nani? — Mia Nane akamdaka.

— Bungeni, bwana wee! Mwezi ujao ndiyo tarehe ya kutoka, na mpaka leo hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Watarudi kwa wananchi tu, hawana pa kwenda.

— Wananchi walishaulizwa. Kura si soksi, ubadilishe kila asubuhi.

— Wewe hata hizo soksi hubadilishi, — Mahakama akasema, akasogea kidogo kuonyesha.

— Cheka tu. Walioshinda walishinda. Ukiwarudisha waulizwe tena, maana yake unawaambia hamkujibu vizuri, jaribuni mpaka mpate jibu ninalotaka mimi.

— Walidanganywa! — Balozi akapandisha sauti. — Waliambiwa kutoka ni kama kushuka kwenye basi. Sasa wameona lenyewe linakwenda mbio na mlango umekwama.

— Mimi mteja akija kujaribu gauni akasema linambana, — Mahakama akaingia, — namfungulia mshono. Simwambii ulishaagiza, vaa ufe nalo.

— Na akirudi mara ya saba?

— Namfukuza.

— Ahaa! Kumbe hata kwako kuna mwisho.

Kwa kweli ni mara chache sana nimeiona mahakama ile ikikosa hukumu, na Mia Nane aliifurahia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Hapo ndipo Balozi alipoachia breki.

— Sikilizeni, kuna siri. Mpwa wangu anasema kule London, kwenye ofisi wanayopangia mambo haya, kuna ramani kubwa ya mezani. Na juu ya Jibralta yetu, karani mmoja huweka kikombe chake cha chai. Tangu kura ya kwanza! Hawatuoni kabisa.

— Basi dawa ni kumhonga huyo karani aache chai, — nikasema.

— Fyuzi, mimi sitanii.

— Hata mimi. Au tuufunge Mwamba minyororo, tuukokote mpaka katikati ya bahari kuu. Tusiwe wa Ulaya, tusiwe wa yeyote, tuwe tunauza hewa safi.

— Na nyani je? — Mahakama akafufuka. — Wale wa juu ya Mwamba wakikataa kuhama? Si wanasema nyani wakiondoka na Waingereza wanaondoka? Basi hao ndio wapewe kura ya pili. Wakikaa, tunakaa.

— Nyani mmoja hapa benchini alishapiga ile ya kwanza, — Balozi akasema akimwangalia Mia Nane pembeni.

Tulicheka. Mia Nane pia alicheka, ila kile kicheko kiliishia njiani. Mahakama akamgeukia, na safari hii hakuwa na mzaha.

— Aurelio. Miaka yote tunakutania na hujawahi kutuambia. Wewe dada yako aliolewa huko huko ng'ambo ya mpaka. Kila siku maelfu wanavuka kuja kufanya kazi huku, akina Encarni hao. Mpaka ukikaza, wao ndio wataumia kwanza. Ilikuwaje ukasema tujitoe?

Aurelio aliishusha kofia yake mpaka machoni.

— Ndiyo hiyo hiyo, — alisema. — Kwa sababu ya dada yangu.

Sisi wa umri ule hatuhitaji kuelezwa. Mwaka sitini na tisa serikali ya Hispania kule Madrid ilifunga lango la mpaka usiku mmoja, na halikupitika tena kwa miguu mpaka themanini na mbili. Simu zilikatwa, feri zikasimama. Ukitaka kwenda La Línea, ambako unaona nguo zilizoanikwa kwenye madirisha yao, ulipanda meli mpaka Tanja, Moroko, ukavuka bahari tena kurudi Hispania. Asiye na uwezo huo alikwenda kusimama kwenye uzio. Ndugu wa upande ule walisimama kwenye uzio wao, katikati uwanja mtupu, tukapigiana kelele. Mjomba wangu alifikiwa na habari kwamba binamu yake amefunga duka. Akasikitika, akamtumia pole kwa barua iliyozunguka Afrika. Kumbe alikuwa amefunga ndoa. Neno la mwisho lilichukuliwa na upepo.

— Lango lilifungwa nina miaka ishirini, — Aurelio aliendelea. — Dada yangu Pura alikuwa ana mwezi mmoja tu ndoani. Mama alikwenda kwenye uzio kila Jumapili, na mama kifua hakimruhusu kupiga kelele. Na Pura naye alikuwa na kasauti kama ka kifaranga, hakifiki popote. Walikuwa wanapungiana mikono tu. Mikono! Mama mzazi na mwanawe. Hao wa Ulaya walisema nini? Hawakusema kitu. Basi nilipopewa karatasi nikaona, nami nina zamu yangu ya kufunga lango. Nikaweka alama kwa hasira.

— Lakini lilifunguliwa kwa sababu Wahispania nao walitaka kuingia kwenye Umoja, — Balozi akasema, taratibu sana kwa mtu kama yeye.

— Najua. Walichelewa. Mama alikuwa kaburini.

Kisha Aurelio akajifuta mdomo na kiganja, akaongea kama anazungumza na viatu vyake.

— Kitu kimoja tu alikipata. Jumapili moja Pura alikuwa haonekani kwenye uzio, mama akaanza kulia, anasema kafa. Mara kukatoka sauti upande ule. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Kama king'ora cha meli. Upepo unavuma huku na yenyewe inaupasua: "Mama yake Puraaa! Pura kajifunguaaa! Wa kikeee!" Halafu ikataja jina la mtoto, mara tatu. Sikumwona mtu. Niliona vichwa na vitambaa tu.

Nyuma yetu mashine ilikuwa imezimwa. Remedios alitoka kibandani, kitambaa cha kufutia mkononi, akaja kusimama mbele ya benchi.

— Pura wa duka la viatu? — aliuliza. — Yule mwembamba, mume wake Curro?

— Ndiye.

— Nilikuwa mimi.

Aurelio akainua macho kutoka kwenye viatu.

— Baba yangu alikuwa anauza tikiti za bahati nasibu barabarani, mimi ndiye niliyerithi lile koo lake. Watu walikuwa wananishika mkono: Reme, hebu mwitie mama yangu. Reme, mwambie kaka yangu tumepata nyumba. Nikawa naita. Curro alinifuata siku ile amevaa viatu visivyofanana, kapagawa, hana sauti hata ya kujiitia mwenyewe. — Alisita, akakikunja kile kitambaa. — Miaka yote ile niliita na sikuwahi kujua kama kinafika kitu. Mnapunga tu mikono, na mtu hupunga hata asiposikia. Niambie, bwana. Jina lilifika?

— Consuelo, — Aurelio akasema. — Lilifika. Mama alilirudia njia nzima mpaka nyumbani, asije akalidondosha. Consuelo, Consuelo. Akachoma kalentita, ule mkate wetu wa unga wa dengu, sinia zima, akagawia majirani wa ngazi zote, na kila mlango anagonga na kulitaja.

Remedios aliweka kitambaa machoni. Aurelio akainuka. Alivua kofia yake, kitu ambacho hata kanisani hukifanya kwa kulazimishwa.

— Lango lilipofunguliwa nilimuuliza Pura ni nani. Akasema msichana fulani tu, watu walikuwa wengi. Nikakutafuta kwa kuuliza uliza, kisha nikaacha. Asante, dada. Na ya mama yangu pia, ipokee. Alikufa akiisema bila kujua ampe nani.

— Nimepokea, — Remedios akasema, na akamshika mikono yote miwili. — Nimepokea zote.

Balozi alikuwa anapenga kamasi, anasema ni vumbi. Mahakama hakuficha chozi, alimwambia Remedios akae, akaingia yeye kibandani kutengeneza kahawa, na hiyo ndiyo kahawa mbaya kuliko zote nilizowahi kunywa kwa furaha. Tulimuuliza Remedios habari nyingine alizoita. Alikumbuka mazishi, harusi, mtoto aliyeinuliwa juu ya vichwa ili babu yake amwone, na mzee mmoja aliyemtuma amuulize mdogo wake kama mbwa bado yu hai. Kila aliyepita njiani tulimwita tumwambie: huyu ndiye yule.

Ilipotulia kidogo, Balozi hakuweza kujizuia.

— Sasa, Aurelio wangu. Kura ya pili ikija?

— Bado nasema moja inatosha. — Alikuna shingo. — Lakini mkinilazimisha kupiga, sitapiga tena kwa hasira.

— Imeandikwa! — Mahakama akapaza kutoka ndani.

Remedios alitutazama mmoja mmoja.

— Mnisamehe, mimi kura yenu si yangu, — alisema. — Ila tangu asubuhi nawasikia. Hiyo karatasi ya pili, swali lake litakuwa lipi?

Balozi alifungua mdomo.

— Litakuwa… kubaki au kutoka.

— Hilo si ndilo la kwanza?

— Basi… kutoka kwa makubaliano au… Hapana. Kuna makubaliano, na kuna bila makubaliano, halafu kuna kubaki, sasa hayo matatu…

Alianza kuhesabu kwa vidole, akarudia, akaviacha. Akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Mahakama, na Mahakama akawa ghafla ana kazi nyingi na sukari. Remedios hakutucheka. Alingoja kwa heshima, kama mgeni anavyongoja mwenyeji atafute ufunguo, kisha akaitazama saa ya mnara, akasema hospitali wanaruhusu watu kuanzia mchana na yeye hajamshika mjukuu wake hata mara moja akiwa macho.

— Nakusindikiza, — Aurelio akasema, kofia imesharudi kichwani.

— Mpaka langoni?

— Mpaka hospitali. Nami nimwone huyo mwenye nywele za brashi. Tukitoka hapo tunapita kwa Consuelo, lazima akuone.

Mahakama akafunga kibanda kwa niaba yake. Sisi watatu tulibaki benchini tukiwatazama wakiteremka kuelekea mpakani, yule mrefu ameinama, yule mfupi ameinua uso, wanasimuliana kwa sauti ya chini kiasi kwamba hata sisi, hapa hapa nyuma yao, hatukusikia neno.