Vidole vya Léon na Gurudumu la Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mkubwa wa Wafanyakazi wa kampuni. Mkuu wa kambi. Mapadri, masista, wazazi wenzetu:

MAKARIBISHO

Sisi wamama wa Njia ya Tatu, kambi ya Shituru, tunafurahi kuwaona tena. Tunaona safari hii motokari mmeiacha mbali, karibu na reli, na polisi wawili wanailinda. Hatukukasirika. Mimi Marceline, ninayesoma, wenzangu wameniambia nisicheke. Nitajaribu.

HISTORIA

Kisa hiki mnakijua upande wa gurudumu. Turuhusuni tuwaeleze upande wa vidole.

Léon ni mtoto wa Clotilde na bwana yake Floribert, fundi wa umeme kiwandani. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu aliangukia mbabula, jiko la makaa, mkono wa kuume ukaungua. Kidonda kilipona, vidole vikabaki vimejikunja. Sista wa dispansari akamwambia Clotilde: "Mama, dawa imeisha. Sasa ni mchezo. Kila siku umpe vitu vidogo avishike mwenyewe. Usimshikie."

Clotilde alirudi analia. "Mi niko na mchezo gani? Niko tu na masahani na bukari!"

Jirani yake Albertine akamjibu: "Basi acheze na masahani na bukari."

Ndivyo tulivyoanza. Léon alitia maharage ndani ya chupa, moja moja, na mmoja wetu akichunga mdomo wake. Alibana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo. Alifinyanga ugali wa bukari uliopoa. Alichana magazeti ya Chama, yale yenye hotuba, maana hayo hayaishi. Watoto wadogo wa njia nzima wakaja kucheza naye. Miezi ya kwanza alirusha maharage na kupiga kelele, na mama yake alipotaka kumsaidia kwa siri, Albertine alimchapa kofi mkononi. Mama, si mtoto.

MAFANIKIO

Mwezi wa tano mlikuja mkatueleza, kwa saa moja na nusu, namna ya kulea mtoto. Mlisema mtoto wa mfanyakazi anahitaji vichezeo vya Ulaya. Mlipofika sehemu ya pili ya hotuba, Léon, sasa miaka mitatu, alikuwa amechuchumaa nyuma ya motokari yenu. Kwa vidole viwili vya mkono uleule alizungusha kale kafuniko ka pale mnapojazia pumzi, akakatoa, akachomeka kijiti. Gurudumu lilimaliza pumzi kabla yenu.

Clotilde alipomwona hakumkimbilia. Alipiga vigelegele. "Mukono ya kuume! Muone, ni mukono ya kuume!" Sisi wote tukapiga. Nyinyi mkadhani tunashangilia hotuba, mkatupungia mkono. Kwa hilo tunaomba radhi kweli.

MATATIZO

Wiki iliyofuata Floribert alihamishiwa mbali, Kakanda, kwa kosa la "kutomlea mtoto kwa adabu". Hatujui nani aliiandika barua ile. Tuliitambua sahihi yenu tu.

Sanduku la vichezeo lilifika mwezi wa saba. Limefungiwa ofisini ili watoto wasiliharibu.

Sikukuu ya Watakatifu Wote, Floribert alipewa siku mbili aone jamaa yake. Asubuhi ya kurudi, kamyo, lori la kampuni, ikingoja barabarani, Léon alitaka kumfunga baba yake vifungo vya shati. Vifungo sita. Kwenye cha pili kamyo ikapiga honi.

"Baba Léon, kamyo inaenda!" Albertine akaita.

"Iende," Floribert akasema. "Mumuache amalize."

Cha tatu kiliingia tundu la nne, ikabidi kuanza upya. Floribert alisimama tu, mikono chini, machozi yakimfika shingoni. Kamyo ikaondoka. Alifika Kakanda amechelewa siku nzima, akapewa barua ya pili: onyo la mwisho. Akipata ya tatu atakosa kazi, na Clotilde na Léon watatoka katika nyumba ya kampuni.

MAOMBI

Barua ya pili ifutwe. Mkihitaji sababu, andikeni: alikuwa anafungwa vifungo. Na Floribert arudishwe Shituru kabla ya Noeli. Sanduku mnaweza kukaa nalo.

Msamaha wa mtoto hatuombi, Clotilde ametukataza. Alisema: "Kama mukubwa anataka msamaha, nitamuomba ya kwangu. Ya mutoto, hapana."

Jambo moja tumelisikia kwa wenzake wa Kakanda. Shati lile, Floribert hulivua kupitia kichwani. Hulifua hivyohivyo na kulivaa hivyohivyo. Vifungo bado hajavifungua.

Mungu awape afya nyumbani kwenu, awape na wajukuu wasumbufu, na subira ya kuwangoja wamalize.

Ni sisi,
Wamama wa Njia ya Tatu,
Kambi ya Shituru, Likasi,
Novemba 1970