Nikinyamaza, Acheni Kamera Iendelee

Sogeeni, wanangu, na yule aliyesimama mlangoni aingie kabisa, maana mtu wa mlangoni simwamini, ama anatoroka ama anamsikilizia mwingine. Mimi niliyeacha shule nikiwa bado na kaptura, nikatengeneza filamu ya vita iliyowatoa wanajeshi wastaafu ukumbini kwenda kuvuta hewa, sitadanganywa na watoto niliowafundisha kufunga kamba za viatu.

Mnajua nilivyofanya kazi. Sikumwaga rangi nyekundu kwa ndoo kama wenzangu. Mwigizaji wangu akipigwa risasi hakuruka sarakasi, alikaa chini akashangaa. Na tukio likiisha sikusema "kata". Niliiacha kamera iendelee huku wao wakidhani wamemaliza, na hapo ndipo nilipovuna, kwa sababu mtu akiacha kuigiza ndipo uso wake unapotoka.

Basi jana mchana nilifumba macho nikabana pumzi. Msitazamane. Nilikuwa mzima.

Wewe mwanangu wa kwanza, mfanyabiashara, ulisema "maskini mzee", vizuri tu, halafu papo hapo ukauliza diski ya filamu yangu ya mwisho iko wapi. Unadhani sijui umeshawaahidi watu kwamba ile sehemu ya mama anayeosha buti za mwanawe aliyeuawa, kimya kimya, maji na brashi tu, itatiwa vinanda na mabomu mawili matatu ili watazamaji wasisinzie? Na wewe kitinda mimba, mwigizaji, ulilia vizuri mno. Nilikuchungulia kwa kope, ukageukia kioo kuona chozi limefika wapi. Mwenye uchungu hajui shavu lipi limelowa, baba.

Sasa wewe binti yangu, mhariri, ambaye tangu tugombane juu ya sehemu hiyohiyo ya buti unanisalimia kwa nyusi, wewe ndiye niliyekushuku kuliko wote. Hukulia wala hukuuliza kitu. Ulivuta shuka ukanifunika mguu uliokuwa nje, ukasema, "Mzee huyu na baridi." Nani anahofia maiti asipate baridi? Tangu hapo najiuliza kama uliujua ujanja wangu, maana ni wewe uliyekaa miaka yote ukitazama vile vipande vya baada ya tukio kuisha. Mpaka sasa sijui, na inaniudhi. Lakini kama uliigiza, mama, basi uliwashinda wote niliowahi kuwasimamisha mbele ya kamera, na kazi ya namna hiyo naiheshimu.

Fungua kabati. Buti ya kushoto, ile iliyooshwa na yule mama wa filamu. Ingiza mkono. Ehe, ndiyo hiyo diski. Filamu ni yako, kaka zako ni mashahidi, na yeyote atakayeitia kinanda asije kaburini kwangu kujifuta macho. Nyumba mgawane sawa. Mkitaka kukwaruzana, subirini nikiwa sisikii.

Mungu awatunze. Awape riziki... awape na haya kidogo, hasa wewe mkubwa. Mpendane, hata kwa kununiana, mradi... mradi mkae chumba kimoja.

Pumzi inakata. Hii siibani, hii ni yenyewe.

Mama, ule mguu tena... funika. Na nikinyamaza, msikimbilie kulia. Mnanijua mimi. Ngojeni kidogo... acheni iendelee...