Meneja wa Nne wa Tavira

Nyuma ya jiko la Hoteli Kallavirta, mjini Kuopio, Ufini, kuna benchi ambalo saa nne asubuhi halikosi watu, hata ziwa likiganda. Meya, bawabu mstaafu ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuwa mweka hazina wa kwaya, huwahi upande wa ukutani. Injinia, fundi wa mitambo ya maji moto, huja na chupa ya kahawa. Siku hiyo Tuulikki, mkuu wa mapokezi, alikuja na maandazi ya iliki na barua. Hoteli ilikuwa na tawi huko Tavira, Ureno, na mameneja watatu waliopelekwa walikuwa wamerudi ndani ya mwaka mmoja. Mkurugenzi alimtaka Tuulikki awe wa nne, na jibu alilitaka kabla ya saa nane mchana. Tuulikki hakutaka kwenda. Hakujua tu utakataaje jambo ambalo kila mtu anakupongeza nalo.

— We nenda, bibie, — alisema Meya akimega andazi. — Samaki mkunje angali mbichi.

— Nina miaka hamsini na tatu, Meya. Ubichi gani?

— Ndo maana nakwambia uwahi.

Injinia akamimina kahawa.

— Kwani Pentti, yule wa kwanza, alishindwa nini kule?

— Ukimya, — alijibu Meya. — Hapa bosi akinyamaza, ujue kazi yako safi. Sasa yeye kawanyamazia wenzake miezi minne! Wakadhani kanuna. Wapishi wawili wakaacha kazi.

— Acha zako! Marketta je? Yule anaongea kama redio.

— Marketta aliponzwa na chakula. Kapanga chakula cha jioni saa kumi na moja. Mreno saa hiyo bado anacheua cha mchana!

— Na Jorma? — aliuliza Tuulikki.

— Jorma alijenga sauna.

— Sauna nayo kosa?

— Kaitisha kikao cha wafanyakazi humo humo kwenye mvuke. Ajenda kumi na mbili, joto nyuzi tisini. Kufika ajenda ya tatu kabaki peke yake, anapiga kura.

Injinia akatikisa kichwa.

— Nyote mnakosea. Ni maji. Maji ya kule yana chokaa. Meneja akiyanywa, chokaa inampanda kichwani, anaanza kulilia kwao. Nimeona mabirika yakifa hivyo hivyo.

— Ebwana! Basi abebe maji ya ziwa letu, — Meya alidakia. — Tena awanyweshe na wao! Mwezi mmoja tu watakuwa kama sisi, hawasemi kitu, na Pentti anarudi kazini.

Wakacheka. Tuulikki hakucheka. Wale watatu wote aliwaona hodari kuliko yeye, na aliogopa.

Mlango wa jiko ukafunguka. Akatoka Deolinda, mkuu wa vyumba wa Tavira, aliyeletwa kwa wiki mbili kujifunza kutandika vitanda kwa mtindo wa Kifini. Kiingereza chao wote kilikuwa cha kuunga-unga, ila walielewana.

— Karibu, dada. Tunaitafutia dawa hoteli yenu, — alisema Meya. — Na meneja wenu mpya ndiye huyu.

Deolinda akampa Tuulikki mkono, akakaa, akapewa kikombe.

— Karibu sana kwetu. Utatukuta arobaini na wawili. Mimi nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii. Anselmo wa mapokezi ameshaendesha hoteli mbili. Kila meneja akiondoka, tunaendesha wenyewe mpaka aje mwingine, na wageni hata hawajui.

Akapuliza kahawa yake.

— Hivi, kwa nini hamkumchagua mmoja wetu?

Aliuliza bila hasira, kama anayeuliza sukari iko wapi.

Meya akachukua andazi jingine. Injinia akainamisha chupa. Yalitoka matone mawili. Tuulikki aliitazama barua. Alijua jibu, na aliona aibu kulisema mbele ya mwanamke huyu: hakuna aliyewafikiria.

Akainuka.

— Saa nane bado, — alisema Injinia. — Unakwenda wapi?

— Kwa mkurugenzi. Twende, Deolinda. Ukamuulize na yeye.

— Na maandazi? — aliuliza Meya.

— Kuleni.