Vinundu vya Uso wa Kulthumu

Mgeni rasmi, Bwana Daktari wa wilaya,

UKARIBISHO
Sisi bamama wa darasa la jioni tunakupokea hapa Baraka kwa heshima. Pole na vumbi la barabara ya Fizi. Wengine tuna batoto mgongoni; utusamehe wakilia. Tumechoka, lakini kuja kwako kumetupa moyo.

HISTORIA
Mwenzetu Kulthumu, yule aliyeketi karibu na mlango, ana vinundu puani na mashavuni tangu usichana. Mwaka 1953 alikatwa kipande cha ngozi, kikapimwa kwa mikroskopu. Karatasi ikasema ukoma.

Siku ya kupelekwa kambi ya wakoma alimwambia muuguzi Bonaventure, "Mi siko na ukoma, baba. Hii uso ni ya mama yangu, na ya nyanya yangu. Bote balizeeka na vidole vyao kumi."

Bonaventure alicheka. Kulthumu akakaa huko miaka mitatu, kila asubuhi akivitazama vidole vyake.

MAFANIKIO
Mwaka huu alikatwa tena, kwa kina zaidi. Bonaventure mwenyewe, kwa haya, alitueleza kilichoonekana: mizizi midogo ya nywele iliyoanza kuota ikashindwa, na vifuko vilivyojaa ugumu kama wa kucha. Vingine vilipasuka, na chembe kubwa za mwili zikakusanyika kuvila. Hizo ndizo zilizompoteza mpimaji wa kwanza, maana chembe za namna hiyo huonekana na kwenye ukoma. Kijidudu cha ukoma hakikupatikana hata kimoja. Ni uvimbe wa ukoo, usiodhuru. Maneno hayo tuliyaandika darasani kwa mikono yetu.

MATATIZO
Amerudi, lakini mtoni wanamwambia, "Dada, we teka kule chini." Zaidi yetu hakuna anayekula kwake. Sasa binti yake Latifa, miaka kumi na mitatu, ameanza vinundu hivyo hivyo, na jina lake liko kwenye orodha ya kambi. Watamchukua Jumatatu. Kulthumu habishani tena. Anamsuka tu mtoto, nywele zimwangukie mashavuni.

MAOMBI
Tunaomba jina la Latifa ulifute leo, kabla hujapanda gari.

La pili, bugali na samaki wa mikebuka walio mbele yako amepika Kulthumu. Tunakuambia kabla hujanawa, tusije tukakutega. Karatasi ya kipimo kipya wataisoma wachache; ukila, Baraka yote itajua kabla jua halijazama. Ukiacha, hatutakulaumu. Tutakula sisi, kama tulivyozoea.

Mungu akufikishe salama, akutunzie na batoto wako.

Ni sisi, Bamama wa Darasa la Jioni, Baraka, Agosti 1956.
Msomaji: Mama Georgette.