Siku Niliyopamba Mashine ya Parokia

Amani kwenu, mama na papa wa shirika letu, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango kana kwamba mtakimbia. Nawaelewa. Mimi pia ningekaa hapo. Nimeombwa kusimama mbele yenu, jambo nisilolizoea, kwa hiyo nikishika kiti hiki, msicheke.

Wengi mnanijua kama mtu wa kupita. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Nimeuza samaki Vitshumbi, nimebeba magunia ya maharagwe Kiwanja, na hapo Kiwanja nimefagia chumba cha kompyuta cha mtu mmoja. Huko ndiko nilikojifunza mashine, kwa kusimama nyuma ya wateja na kuangalia vidole vyao. Mahali popote mambo yalipoharibika, nilifunga begi. Sikuwahi kungoja niulizwe.

Nilipofika hapa Majengo, mama wa sekretariati ya parokia alinipa kazi. Mashine yake ya zamani ilikuwa imejaa virusi, nikaiwekea Linux, mfumo usiolipiwa, ambao hutembea hata kwenye mashine iliyochoka. Ikaamka. Mama akafurahi, akaniachia neno la siri la msimamizi, lile linalofungua kila kitu ndani ya mashine. Ndugu zangu, nawaambia, kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kuniachia hata ufunguo wa choo.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na orodha. Ni majina ya watu waliokimbia vijiji vyao na wanatafuta jamaa zao: picha, mtaa wanakolala, simu ya jirani. Mengi niliyaandika mimi. Mama mmoja, aliyepotezana na watoto wake wawili njiani, alikataa hata kuketi. Akasema, "Andika, papa, lakini mutu wa inje asione. Kuko watu wenye wananitafuta kwa ubaya." Nikamwambia hakuna atakayeona. Nilisema hivyo huku nikitafuta herufi kwenye vitufe, bila kufikiri.

Sasa nisikilizeni kosa langu. Skrini ya ile mashine ilikuwa ya kijivu, na mimi kitu kibaya machoni hakiniachi nilale. Karibu na soko kuna jamaa anayejaza watu nyimbo na filamu kwenye simu, chini ya mwavuli. Siku moja nikaona skrini yake: madirisha kama kioo, alama zinarukaruka ukizigusa.

"Hii nayo ni Linux?" nikamuuliza.

"Njo yenyewe, grand. Lete flash. Weye uko na mashine ya sura ya kijivu mupaka lini?"

Mnajua tunavyoishi. Mega za intaneti ni ghali na mtandao unakatika, kwa hiyo sisi hatupakui vitu, tunapitishana kwa flash. Nyimbo, filamu, mahubiri, hata programu. Nani aliviweka mle mara ya kwanza? Hatuulizi. Mimi ninayeuliza kila kitu duniani, hilo sikuliuliza.

Jumamosi mchana nikaketi peke yangu sekretariati. Nikachomeka flash, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaendesha faili alilonijazia yule jamaa. Likaniomba neno la siri la msimamizi. Kwa ajili ya rangi na picha tu! Vidole vyangu viliandika kabla kichwa hakijafika. Baada ya muda mfupi skrini ikawa kama bibi harusi. Nikaweka na picha ya mlima Nyiragongo nyuma. Jumapili baada ya misa watu wakapanga foleni kuangalia. Katekista wetu, muzee mgumu wa kusifu, akasema, "Eh! Hii sasa mashine imebatizwa." Nikavimba.

Alasiri hiyohiyo, walipoondoka, nikataka kujua zile alama zinarukaje. Nikalifungua faili lenyewe, nikasoma. Mistari ya kwanza ilikuwa ya rangi. Halafu nikafika kwenye mstari usio wa rangi. Uliiambia mashine hivi: kila utakapopata mtandao, chukua vyote vilivyo kwenye folda ya nyaraka, uvitume kwenye anwani hii. Anwani yenyewe ilikuwa namba tupu. Niliusoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipokumbuka: orodha ilikuwa kwenye folda hiyo.

Mtaniuliza kwa nini sikuufuta. Niliufuta. Nikazima mashine, nikaiwasha, na ile kazi ya kutuma ikawa imerudi. Ilikuwa imejificha mahali pengine, na ruhusa ya kujificha popote niliitoa mimi mwenyewe. Kazi hiyo sikuweza kuing'oa. Bahati moja tu ilikuwepo: modemu hukaa kwenye mkoba wa mama wa sekretariati, na yeye huichomeka Jumatatu saa nne, kutuma barua.

Kwa nini sikwenda kumwambia? Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilijiona kwa macho yenu. Mtu asiyejulikana ukoo wake, aliyefika na begi moja, akapewa ufunguo, akaweka mdudu kwenye orodha ya watu wanaojificha. Mngesema nini? Mngesema nilitumwa. Mnajua katika mji huu neno hilo linaweza kumfikisha mtu wapi. Sikula. Kila pikipiki iliyosimama mtaani ilisimama ndani ya kifua changu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye maegesho ya pikipiki za kwenda Kiwanja, begi mgongoni. Nilimpigia mama wa sekretariati simu, mara moja tu. Haikupokelewa. Na nitawaambia ukweli wote: nilifurahi. Moyo ukaniambia, umejaribu, sasa nenda.

Motari mmoja, juu ya pikipiki yake, akaniita, "Grand, unapanda ao unasali?"

"Ninapanda. Fanya haraka."

"Haraka ya nini? Kule nani anakungojea?"

"Hakuna mutu."

Akacheka. "Basi unakimbilia nini? Mutu asiye na mwenye kumungojea anapanda pole pole."

Alikuwa anatania tu. Lakini mimi nilimwona yule mama aliyekataa kuketi. Yeye alikuwa na watu wanaomtafuta, wa aina mbili, na orodha ya kuwaelekeza wote niliiandika mimi. Nikatazama saa. Ilibaki robo saa.

"Geuza," nikasema. "Nipeleke Majengo, parokiani."

"Umesahau kitu?"

"Geuza tu, ndugu yangu, utanitukana njiani."

Akanitukana, kweli, lakini alikimbiza. Niliingia sekretariati bila kubisha. Modemu ilikuwa imechomekwa tayari, taa yake nyekundu inawaka na kuzima, inatafuta mtandao. Nikaichomoa kwa nguvu.

"We mutoto!" mama akapiga kelele. "Unaniibia mbele ya macho?"

Nikamwambia yote, nimesimama, na modemu mkononi. Katekista alikuwa pale kwenye benchi. Akainuka, akasimama kati yangu na mlango.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, muzee. Ni macho yangu tu. Nilitaka ipendeze."

Nilifikiri ataita watu. Mama ndiye aliyesema, "Muzee, mwenye kutumwa hangerudi. Keti. Na weye, nisomee hiyo mistari, wa kwanza mupaka wa mwisho. Polepole."

Nikamsomea. Kisha akamwita dada mmoja mtu wa Butembo, anayetengeneza mashine karibu na njia kubwa. Alikuja na flash yake, yenye mfumo mzima safi ndani, akaiwasha mashine kutoka humo ili ule mchafu usiamke. Akatafuta kumbukumbu za mashine: ilijaribu kutuma mara mbili, zote zikashindwa kwa kukosa mtandao. "Hiyo njo ninaona," akasema. "Yenye sioni, siwezi kuapa." Akaokoa orodha na barua tu, akafuta mengine yote, akaweka Linux upya. Akanifundisha kulinganisha namba ndefu ya utambulisho wa faili na ile iliyotangazwa na waliolitengeneza, ujue halikuguswa njiani. Kisha akanigonga kichwani kwa kidole. "Rangi na picha zinakaa ndani ya folda yako mwenyewe. Haziombi neno la siri la mukubwa. Zikiliomba, jiulize zinaenda wapi. Programu unaichukua kwa depo ya Linux yenyewe, ile ya kwenye mtandao, hata kama utangoja mega wiki nzima."

Kwa sababu hakuweza kuapa, mama alinichukua tukazunguka kwa watu wa orodha, mmoja mmoja, nikasema kwa mdomo wangu. Nilipofika kwa yule mama wa watoto wawili, alikuwa anachambua majani ya sombe. Mikono ikasimama.

"Sasa unaniambia nihame tena?"

"Sijui, mama. Nimekuja ujue. Ukitaka, jina lako tunalifuta leo."

Akanitazama hata nikaangalia chini. "Usifute. Watoto wangu wakinitafuta, watanipata kwa nini? Toa mutaa. Jina uache."

Ndivyo tulivyofanya, kwake na kwa wote waliotaka. Mitaa sasa iko kwenye daftari, ndani ya kabati la mama. Watoto wake hawajaonekana bado. Jina linawangoja.

Namshukuru mama aliyenisomesha mistari yangu, dada wa Butembo, muzee katekista ambaye siku hizi ananisalimia, na motari ambaye hajui alifanya nini. Nanyi, kwa kuniacha nikae. Bado naogopa. Usiku uliopita niliota ile taa nyekundu imegeuka kijani. Lakini niulizeni ninachofanya kwa hofu hiyo: kila faili ninalisoma lote kabla ya kuliendesha, na neno la siri silishiki tena peke yangu. Tunaliandika wawili, mama nusu, mimi nusu.

Yule jamaa wa mwavuli bado anajaza watu. Nimemwendea, akaapa naye alipewa hivyohivyo, na ninamwamini. Basi kama kuna mtu hapa aliyewahi kujaziwa naye kitu kwenye flash, akakiweka kwenye mashine ya kazi, na sasa anaangalia viatu vyake, asiondoke. Nimekuja na mashine leo. Tutakisoma pamoja.