Kofia ya Diwani

Teksi ilipotoka Kikorongo, mzee aliyekaa kando yangu alimfungulia jirani yake gazeti la Kasese. Jirani huyo alikuwa Mama Kahambu, muuza maharage wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Katuni ilionyesha kofia kubwa yenye miguu, imekalia mabomba ya maji ya Bwera.

"Ule ni diwani," Kahambu akasema. "Ile kofia naijua sana."

"Ni mimi," mzee akasema. "Huyu mchoraji amefanya nisiivae mwezi mzima."

Kahambu akamkagua kichwa polepole. "Papa, weye hauko diwani."

"Unaona? Juzi mazishini kipaza sauti kilinipita. Na kura ni wiki ijayo!"

"Basi vaa."

"Nikivaa, wataniuliza mabomba yako wapi."

"Ile mabomba iko kwako? Rudisha, papa."

Mzee akatazama nje. Nami nikatazama nje, kwa heshima, ingawa hakukuwa na kitu.

Tukasimama Bwera. Wafuasi wake wenye ngoma walichungulia ndani wakimtafuta, macho yakampita. Basi akatoa kofia mfukoni, akaivaa. Watu wakapiga makofi na kucheka. Sikujua kipi kilitangulia.