Nimeagwa, na Siendi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Sheikh Faiz uliyetufungulia kwa dua, Bi Swabaha mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi wa milango, wazee wangu wa Ndia Kuu, wateja wetu mliotoka Kizingo na Biashara Street, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana: assalaam aleikum, na nyinyi ambao si Waislamu nawaamkia kwa heshima ile ile.

Mimi ndimi Fundi Athmani, na kwenye kadi zenu mmeandikiwa kwamba leo mwaniaga. Mheshimiwa amenisifu hapa mpaka nikatazama chini. Amesema mimi ni balozi wa Mombasa, na kwamba Unguja inapata na sisi tunapoteza. Sheikh ameniombea safari ya salama. Mafundi wenzangu wamenipa sanduku la nguo, zuri, lenye magurudumu, ambalo kesho nitawaomba mlirudishe dukani. Kila neno la sifa limeniingia kama kibanzi chini ya ukucha, kwa sababu, ndugu zangu, mimi siendi popote.

Tafadhalini msicheke, sifanyi mzaha. Kazi niliyoitiwa haipo tena. Nimeikosa kwa ujinga wangu mwenyewe, na nitawaeleza ilivyokuwa ili asilaumiwe mtu mwengine.

Mwajua kwamba chuo cha ufundi kule Unguja kiliniita nikafundishe uchongaji. Walinipigia simu, tukaelewana, nikawaambia naam, nimekubali. Kisha wakaniletea barua rasmi, kwamba nikikubali niwajibu kwa maandishi kabla ya tarehe waliyoitaja. Mke wangu Ruweida aliisoma, akaniuliza siku ile ile, "Ushawajibu?" Nikamwambia, "Nitaandikaje kwamba naondoka, na walonilea sijawaaga? Hiyo si adabu." Akanambia, "Adabu nayo yataka kitwa cha kufikiri, baba Mzamil."

Sikumsikia. Nilivaa kanzu yangu nikaanza kuaga. Ni nani kati yenu ambaye sikumpitia? Nilianza kwa Bi Swabaha, nikamkabidhi ufunguo wa karakana. Nikaenda Biashara Street, duka baada ya duka, na kila duka na kahawa yake. Nikapanda Kizingo kwa wenye nyumba tuliowachongea milango, nikalishwa sambusa mpaka nikaomba msamaha. Shangazi yangu akasema hanipi radhi mpaka mwanawe arudi safari, nami nikangoja mwanawe arudi. Je, yuko aliyeniambia kwamba nakosea? Hakuna. Mlinisifu. Mlisema, tazameni mtu mstaarabu, haondoki kama mwizi. Na mimi nilizipenda hizo sifa, ndugu zangu, nilizipenda kuliko hiyo kazi yenyewe. Hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia.

Nilipokaa kuandika, niliandika barua nzuri, salamu juu ya salamu. Jibu lao lilikuwa fupi na la upole: tarehe imepita, walidhani nimebadili nia, na nafasi wameshampa mwengine. Siwalaumu. Waliniomba mstari mmoja tu nami nikawanyamazia. Lakini kadi zenu zilikuwa zimeshatoka, na mchele wa pilau ulikuwa umeshachaguliwa, basi nikanyamaza tena, nikitumai sijui nini. Asubuhi hii ndipo nilipopata ujasiri wa kumwambia Bi Swabaha mbele ya kamati.

Yangekuwa ni hayo tu, ningeyabeba peke yangu. Lakini mwajua kwamba kiti changu cha fundi mkuu kimeshapewa Dama, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika patasi. Yeye alipopewa barua ya uteuzi aliijibu siku hiyo hiyo, akaitia saini, akarudi kwenye mlango aliokuwa akiuchonga. Na leo, niliposema yangu, mzee mmoja wa kamati, simtaji, alisema, "Basi ni kheri! Athmani arudi kitini. Huyu mwanamke atangoja, hana haraka." Mwengine akaongeza kwamba milango ya Mji wa Kale ina wenyewe. Wakanitazama, wakingoja nishukuru. Na nitasema kweli, maana nishavuliwa nguo na hakuna la kuficha: kwa kitambo kidogo, nilifurahi.

Dama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alisikia yote. Hakugomba wala hakulia. Aliliweka sinia chini, akanambia, "Fundi, mamangu nishamwambia. Yuko njiani, anakuja."

Mamake ndiye yule pale, Mama Mbodze, aliyetoka Kaloleni na leso mpya kuja kumuona mwanawe akikabidhiwa karakana. Tangu alipoingia sijaweza kumtazama usoni. Mimi niliyejidai kwamba simpiti mtu bila ya kumpa heshima yake, nilikuwa karibu kumvunjia heshima mtu ambaye hakunikosea lolote. Ni adabu gani hiyo, ya kuwabusu wakubwa mikono na kumkanyaga mdogo? Na nyinyi wazee wangu mliotaka kunihurumia, je, huruma hiyo mlitaka ailipe nani?

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu limeuma kwa haki, kwa sababu aliyengoja ni mimi. La Dama lina kosa gani?

Bi Swabaha, kabla sijapanda hapa nimekutilia bahasha mkononi. Safari hii nimeanza kwa kuandika, na sikumuaga mtu. Nimeandika kwamba kiti sikitaki, hata kama kamati yote itanisihi, na kwamba naomba nafasi ya kuchonga chini ya fundi mkuu mpya, kama yeye mwenyewe ataniridhia.

Dama, usinijibu leo. Mbele za watu utaona haya kunikatalia. Niandikie, na ikiwa ni hapana, andika hapana, nami nitaipokea bila ya kinyongo.

Mheshimiwa, Sheikh, wazee wangu na wageni wote, nawashukuru kwa subira yenu, maana mliitwa kwenye sherehe mkapakuliwa aibu ya mtu. Pilau iko tayari na haina kosa, kuleni.

Mama Mbodze, nakuomba radhi mbele ya hawa wote walionisifu. Aliyokwambia mwanao ni kweli: yeye ndiye fundi mkuu. Ukirudi Kaloleni waambie hivyo, na usiongeze wala usipunguze. Makofi mliyokuwa mmeniwekea mimi, ndugu zangu, mpigieni yeye, na mimi niacheni nishuke.